Meno ya Chini ya Bi Mwanahawa

Vijana wawili niliowaachia maabara hawachoki kunipigia simu. Mara plasta imeganda kabla hawajaimimina, mara nta imepinda, mara mgonjwa anauliza bei na daktari katoka. Nikiwajibu kwa simu nasahau nusu ya jibu, na mimi tangu utoto si msemaji. Shule yangu ni ya msingi na mkono wangu ni mzito wa kalamu, lakini karatasi ina wema mmoja: hainitazami usoni. Basi nawaandikia hapa niliyoyaona katika miaka yangu ya kutengeneza meno bandia, nikianza na mwanzo, maana mwanzo ndio uliokuwa mgumu.

Nilianzia Chumbageni, hapa Tanga, katika chumba cha bati nyuma ya nyumba ya daktari wa meno. Ndani mlikuwa na meza moja, jiko la mafuta ya taa, sufuria la kuchemshia, na Fundi Mhina. Alikuwa Mbondei wa Muheza, mwembamba, mwenye tabia ya kuzungumza na mifano ya plasta ya midomo ya wagonjwa kama watu walioketi naye. Siku ya kwanza alinipa bakuli na kuniambia nichanganye plasta. Nikachanganya. Akaitazama kwa muda.

"Nimekuomba mdomo wa mgonjwa," akasema, "wewe umeniletea uji wake."

Nikachanganya tena, ikawa ngumu kama ugali wa jana. Hakugomba. Akanionyesha kwamba maji hutangulia, kisha unga hunyunyizwa kidogo kidogo mpaka uyanywe maji wenyewe, ndipo unakoroga. Nyinyi mnapenda kumimina maji juu ya unga kwa sababu ni haraka. Ni haraka kweli, na mapovu yake huja haraka vilevile.

Taabu yangu kubwa haikuwa plasta. Ilikuwa watu. Mgonjwa akisikika barazani, mimi nilipita mlango wa uani nikajifanya nachota maji. Siku moja Mhina alinishika shati. "Kwani haya meno unamtengenezea nani, hili bakuli?" Akaniwekea mkononi seti niliyoing'arisha mwenyewe, akanisukuma mpaka kwenye kiti cha mzee mmoja aliyekuwa kuli bandarini. Mzee akayavaa, akauma, akasema, "Yako sawa, yako sawa," huku kashika shavu. Nikafurahi. Mhina akaniambia tulipotoka, "Mgonjwa akisema yako sawa na mkono uko shavuni, usiusikilize mdomo. Sikiliza mkono." Tuliyarudisha mezani, tukakwangua pale palipokuwa panachoma. Somo lile lilinifaa kuliko masomo yote ya nta, maana mtu mwenye haya hujua kutazama mikono. Ndiko macho yake yanakokimbilia.

Sasa niseme juu ya meno ya chini, kwa sababu ndiyo yaliyonikosesha raha miaka mingi. Seti ya juu haina tatizo kubwa. Inanyonya kaakaa, inashika. Ya chini haina pa kunyonya. Ufizi wa chini ni ukingo mwembamba, na kila mwaka unaopita bila meno, mfupa wake unazidi kulika. Seti ya chini inakaa pale kama chungu juu ya mafiga mawili: ulimi unaisukuma huku, shavu linaisukuma kule. Nimeona meno ya chini yakielea kwenye supu. Mzee mmoja wa Ngamiani alipiga chafya msikitini, yakatua mbele ya safu. Aliniambia mwenyewe, na alipofika mwisho wa kisa tulicheka wote wawili, lakini baada ya hapo akawa anaswali nyumbani, na hilo halikuwa la kuchekesha.

Zamani tulikuwa na jibu moja tu kwa watu kama hao: "Utazoea." Wengine walizoea. Wengine walinunua gundi ya unga, wengine wakayafunga meno kwenye leso na kuyaweka kabatini, wakala ubwabwa laini mpaka mwisho wao.

Fundi Mhina alikuwa keshafariki, Mungu amrehemu, alipokuja kwetu Daktari Rehema na sanduku la skrubu. Ni skrubu ndogo za titani zinazopandwa ndani ya mfupa wa taya. Vitabuni zinaitwa vipandikizi; watu wa Tanga walianza kuziita misumari, na kila tulipowakataza ndipo walipozidi. Mfupa huota ukazishika, kisha meno hufungwa juu yake. Mimi nilikuwa na umri wa kutosha kusema mambo haya si ya kwangu. Lakini Daktari alinikalisha chini akanifundisha moja baada ya moja, wala hakuniuliza nilisoma mpaka wapi.

Wagonjwa watawauliza bei. Msiwatajie tarakimu mliyoisikia mwaka jana, maana vifaa vinatoka nje na bei haikai. Waambieni hivi. Seti ya kawaida, isiyo na skrubu, mtu wa kipato cha kawaida anaweza kuifikia akijibana. Ya pili ni kupanda skrubu mbili sehemu ya mbele ya taya la chini, kisha seti ya chini inabanwa juu yake kwa vifungo, kama vile vifungo vya kubonyeza vya nguo ya mtoto. Unaivua, unaiosha, unairudisha. Hiyo ni bei ya pikipiki, na pengine pikipiki mbili. Wengine huongeza skrubu na kuziunganisha kwa chuma kimoja, seti ikakaa juu ya chuma hicho. Inashika zaidi, na inadai zaidi. Ya mwisho ni ile isiyovuliwa na mgonjwa kabisa, skrubu nne au sita kwa taya moja, meno yamefungwa moja kwa moja. Hapo mnazungumzia kiwanja, au gari lililotumika, na akitaka juu na chini muizidishe mara mbili. Halafu mwambieni aulize kilichomo ndani ya bei: picha ya mfupa, meno ya muda wakati kidonda kinapona, meno yenyewe, na matengenezo ya miaka ijayo. Bima nyingi hazigusi kitu hapo. Mtu anayesikia bei ya skrubu peke yake anadhani amesikia bei yote, kama anayenunua mlango akasahau kwamba unahitaji na nyumba.

Hayo ni ya kusema. Kuna ya kusikiliza pia, na kwa hayo nitawasimulia habari za Bi Mwanahawa.

Alikuwa mama mtu mzima wa Mwera, mjane, aliyehamia mjini kwa mwanawe Hassani baada ya mguu kuanza kumsumbua. Hassani alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, mtu mwema, mwenye sauti ya kuuza saruji. Bi Mwanahawa alikuwa msomaji wa maulidi ya wanawake. Kwao shughuli haikuitwa shughuli bila yeye. Lakini ufizi wake wa chini ulikuwa umekwisha kabisa, bapa kama kibao cha chapati. Nilikuwa nimemtengenezea seti ya chini, nikamtengenezea nyingine, zote zikaruka. Mara ya mwisho ziliruka katikati ya kaswida, mbele ya wanawake wa mtaa mzima. Tangu siku hiyo alikuwa hatoki. Hassani ndiye aliyemleta, karibu kwa nguvu, na Bi Mwanahawa aliingia kajifunika mdomo kwa ushungi.

"Shikamoo Mama," nikamwambia.

"Marahaba, baba. Nimekuletea tena balaa lako."

Daktari Rehema alimpima sukari, akatazama mfupa, akamwuliza kama anatafuna tambuu.

"Sitafuni," akasema Bi Mwanahawa.

"Kweli, Mama? Naona midomo myekundu."

"Meno sina, mwanangu, nitatafunaje? Natwanga."

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. Akamwomba aache tumbaku ya ndani ya tambuu mpaka kidonda kipone, akakubali kwa shingo upande. Kisha nikachanganya dawa ya kuchukulia kipimo, nikajaza trei, Daktari akaiweka kwenye taya la chini. Mnajua hali ilivyo hapo: mdomo umejaa, ulimi umefungwa, mate yanatoka, na mtu hawezi kusema hata neno mpaka dawa igande. Mimi nilisimama pembeni ya kiti nikishikilia kidevu chake. Na ndipo Hassani alipoanza kuzungumza.

"Daktari, mie sitaki mama aonekane anavua meno kama soksi. Weka yale yasiyotoka. Juu na chini."

"Yale ni gharama kubwa, Hassani. Na seti yake ya juu haina ubaya, inashika."

"Gharama niachie. Lipo shamba la minazi Mwera, la marehemu baba. Mnunuzi keshapatikana. Nimeshawaambia na wenzangu barazani: mama yangu atapata meno kama ya msichana."

Hapo nilisikia kucha kwenye mkono wangu. Bi Mwanahawa alikuwa amenifinya, na hakuwa akifinya kwa utani. Daktari akageuka. "Mama mwenyewe anasemaje?"

Bi Mwanahawa hakuweza kusema. Akanyanyua mkono wake wa kulia, kiganja mbele, juu kabisa. Ulikuwa mkono wa kusema ngoja. Lakini kwetu pwani mama akimnyoshea mwanawe mkono, mwana anaupokea. Hassani aliinuka kwenye kiti, akaupokea kwa mikono miwili, akaubusu.

"Umeona, Daktari? Radhi nimepata."

Akatazama saa, adhuhuri ilikuwa inaadhiniwa, akatoka kwenda msikitini mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. Daktari akaitwa chumba cha pili. Tukabaki mimi, mama, na trei.

Nilipoitoa trei alisukutua, akafuta midomo taratibu, akanitazama.

"Fundi, una mama?"

"Ametangulia mbele ya haki."

"Basi leo mama yako ni mie. Hebu nisikilize. Lile shamba ndilo linalonilisha. Nazi zinatoka pale, kuni zinatoka pale, ada ya chuo cha wajukuu inatoka pale. Binti zangu wawili walioko Pangani wakikwama, pale ndipo wanapokimbilia. Niliuze nipate meno! Nikishayapata nitatafunia nini? Nazi ya kununua?"

"Mwambie Hassani, Mama. Ni mwanao."

"Nimwambieje, naye keshasema barazani? Nikimkatalia, watu watasema mama hana radhi naye. Au watasema alijitapa, hana kitu. Nitamvunja uso mtoto aliyetaka kunitendea wema?" Akauvuta ushungi mdomoni. "Na bila meno pia siwezi tena. Nimechoka kukaa ndani kama mwari."

Nikafanya ninaloliweza. Nikaenda maabara nikaleta taya la mfano, lile la plastiki lenye skrubu mbili na seti ya vifungo. Nikaibonyeza seti juu ya taya mbele yake: tak. Nikampa avute. Alivuta kwa vidole viwili, haikutoka. Akavuta kwa nguvu, ikatoka.

"Hizi mbili tu?"

"Mbili tu, za chini. Ya juu unabaki na yako. Si rahisi, lakini si bei ya shamba."

"Na inavuliwa."

"Inavuliwa, Mama. Inaoshwa kila siku."

Akaibonyeza tena, akaivua tena. Kisha nikaona mabega yake yanatikisika chini ya ushungi. Alikuwa anacheka. "Inavuliwa," akasema. "Basi dawa nimeipata."

Sikujua dawa gani. Nilimfuata Daktari Rehema, nikamwambia maneno machache, kwa sababu mengi sina: "Mama ana neno lake, angependa umsikie peke yake." Daktari akaingia, akafunga mlango, akakaa naye. Alipotoka aliniambia, "Tumepanga waje wote wawili, yeye na Hassani, wiki ijayo. Picha ya mfupa itakuwa tayari. Na mimi safari hii sitamwuliza mtu ambaye mdomo wake nimeujaza mwenyewe."

Wiki iliyofuata walikuja. Daktari aliwaonyesha picha, akaeleza njia zote bila kusukuma hata moja: ya kawaida, ya vifungo, ya chuma, ya kudumu. Akasema skrubu mbili mfupa unazichukua bila taabu. Kwa ile ya kudumu juu na chini, mfupa wa juu ungehitaji kuongezwa kwanza, muda zaidi na fedha zaidi. Hassani akasema, "Tutafanya hivyohivyo." Ndipo Bi Mwanahawa alipoushusha ushungi, akaivua na seti ya juu, akaacha mdomo wazi, kibogoyo, mbele yetu sote.

"Hassani mwanangu, wema wako nimeuona na radhi ninayo, mbele ya fundi na daktari. Lakini mie ni mtu wa kaburini. Siku nikilazwa nioshwe, nataka mwosha anivue kila cha kuvulika: pete, vipuli, na meno. Nilikuja duniani kibogoyo, nataka nirudi kibogoyo. Yale yasiyovulika siyataki."

Hassani akasema taratibu, "Mama, na hizo skrubu mbili? Nazo ni chuma."

"Nimemuuliza sheikh wetu. Kasema kilichoota mwilini hakichimbuliwi. Hizo zitakuwa mifupa yangu."

"Na watu nitawaambia nini? Nimeshasema yasiyotoka."

"Waambie mama yako ana kichwa kigumu. Hilo hawatalibishia."

Hassani alijaribu kuzuia kicheko, kikamponyoka. Kisha uso ukamrudia. "Mnunuzi nimempa ahadi, Mama."

"Ahadi ilikuwa ya meno, na meno yamebadilika. Shamba halijaomba kuuzwa."

Alikaa akizungusha funguo za gari kidoleni. Hoja ya shamba angeweza kuijibu. Angesema atanunua jingine, angesema biashara itakua. Lakini ni mtoto gani wa Kiislamu atakayebishana na mama yake juu ya kuoshwa kwake? Mwisho akasema, "Haya, Daktari. Hizo mbili." Akazilipia kutoka dukani kwake, kwa awamu, na minazi ikabaki imesimama.

Nilimwuliza Bi Mwanahawa baadaye, tukiwa wawili, kama yale ya kuoshwa yalikuwa kweli au yalikuwa ya kumwokoa Hassani. Alinitazama kama niliyemwuliza kama maji ni maji.

"Mtu mzima hasemi uongo juu ya maiti yake, fundi. Kweli ilikuwa kweli. Wakati wa kuisema ndio niliouchagua."

Daktari akampanda skrubu. Alivimba kidogo, akanywa uji, akalalamikia tumbaku kuliko kidonda. Tuliuacha mfupa uzishike kwa miezi, na hapa nawaambia vijana: msikubali kuharakishwa na harusi ya mtu. Kila familia ina harusi. Nilipopanga meno yake kwenye nta nilimwita ayajaribu kabla ya kuitoa nta na kuyapika kwenye plastiki, akasoma beti mbili tatu kwa sauti ya chini, nami nikayasogeza meno ya mbele nyuma kidogo pale herufi zilipopiga mluzi. Siku ya kumvalisha nilimwambia abonyeze mwenyewe. Tak upande huu, tak upande ule. Akafungua mdomo, akaufunga, akasogeza ulimi akiyasukuma kwa makusudi, kama anayemjaribu mtu mgomvi. Hayakwenda popote. Akaanza kusoma, safari hii si kwa sauti ya chini, na mgonjwa aliyekuwa barazani akaitikia.

Kuna jambo moja sikulipima vizuri mwanzoni, nanyi mlipime: vidole. Vifungo vikiwa vipya vinabana sana, na wazee wengi vidole vyao vimechoka. Kabla ya kuchagua kifungo, mpe mgonjwa taya la mfano alivute. Akishindwa, weka vipete vya nailoni laini zaidi ndani ya vifungo. Na mwambieni tangu mwanzo kwamba vipete hivyo huchakaa na lazima vibadilishwe, ili asije akadhani ametapeliwa. Seti isafishwe kwa sabuni na brashi laini. Dawa ya meno inaikwaruza.

Bi Mwanahawa na Hassani walirudi kubadilisha vipete muda mfupi kabla sijastaafu. Vidole vya Bi Mwanahawa vilikuwa vimepungua nguvu, na nilinyosha mkono ili nimsaidie kuvua meno. Hassani akanitangulia. Alipiga goti mbele ya kiti, akasema, "Achama, Mama," akaingiza vidole gumba pande zote mbili, akayanyanyua kwa pamoja, sawasawa kama nilivyomfundisha mama yake. Akaenda nayo bombani, akayapiga sabuni, akayasugua ndani na nje, akanikabidhi kwa mkono wa kulia. Nikabadilisha vipete, akayarudisha mwenyewe. Tak, tak.

"Haya, twende," akasema Bi Mwanahawa mara tu mdomo uliporudi kuwa wake. "Leo wanaangua nazi kule Mwera, na hao wakwezi usiposimama nao, nusu ya nazi inaota miguu."

Nikawasindikiza mpaka nje. Hassani alimpandisha mama yake kwenye gari, akafunga mlango, kisha akarudi hatua chache nilipokuwa nimesimama. Sauti yake ya kuuza saruji alikuwa ameiacha mahali.

"Fundi, dada zangu walikuja kutoka Pangani. Nimewafundisha wote wawili jinsi ya kuyavua," akasema. "Maana siku hiyo ya kuoshwa, watakaokuwa chumbani naye ni wao, si mie."

Nikaitikia kwa kichwa. Dirisha la gari likateremshwa.

"Hassani! Wakwezi hawangoji!"

Akakimbia.